Wazee wa Safu ya Pembeni

Juzi kijana mmoja wa hapa Arua alinijia nyumbani na kompyuta yake ya kupakata, akaifungua juu ya meza yangu ya kulia, akaniuliza swali ambalo yeye aliliona dogo. "Mama Taipa, mtu anaondoaje ile safu ya pembeni kwenye tovuti?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Maskini akadhani namcheka yeye. Nikamwonyesha, tukamaliza hata chai yake haijapoa, akaenda zake amefurahi. Nyinyi wengine mnaojiuliza bibi huyu alicheka nini, vuteni viti.

Mimi nimestaafu. Ni neno zuri, maana yake watu bado wananipigia simu ila hakuna anayenipa ofisi. Nilianza kazi kama taipa, ndiyo sababu hadi leo hakuna anayekumbuka jina langu la ubatizo. Nilitaipu barua za kesi, barua za posa, na barua za watu walioomba kazi ambazo hazikuwepo. Baba yangu alikuwa askari na tulikulia kambini, Kiswahili tukakipata huko pamoja na chawa. Hiki cha kuandika nilikipiga pasi baadaye, kwa kutaipu barua za wafanyabiashara waliokuwa wakigombana na mawakala wao wa mbali. Taipu ilipokufa nikahamia kwenye kompyuta, na kompyuta ilipopata mtandao nikajikuta mtunza tovuti. Mama yangu alifariki bila kuelewa nilikuwa natunza nini hasa, na sikumlaumu.

Safu ya pembeni mnaijua. Ukifungua ukurasa kuna kichwa juu, kuna habari zenyewe katikati, na kando kuna kile kipande chembamba kinachoteremka kama pindo la kanga. Hapo mtu huweka kila kitu kisicho na kwao. Nimeona saa ambayo haikuwahi kusema kweli. Nimeona kalenda ya mfungo wa mwaka uliopita, hali ya hewa ya mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kufika, na kitufe cha kutuma salamu ambacho ukikibonyeza hakiendi popote. Mwenye tovuti akiona pale pana nafasi hapati usingizi mpaka apajaze.

Aliyenifundisha kazi hii ni Fundi Anguzu wa Ediofe. Mungu amrehemu, alikuwa mtengenezaji wa mashine za kudurufu aliyeingia kwenye tovuti kwa sababu mashine za kudurufu zilikuwa zikimchafua mashati. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukigusa kitu kabla ya kuweka nakala yake pembeni, alikuwa anakuondoa kwenye kiti kwa kukushika kola, uwe mwanamke uwe mwanamume. "Kopi kwanza!" anapiga kelele mpaka wateja wa nje wanaruka. Leo nyinyi mna vitufe vya kurudisha nyuma na mnaviamini mno. Vitufe hivyo havimjui mkubwa wako atakayekuja asubuhi akiuliza ukurasa wa jana uko wapi.

Lakini hata Anguzu alikuwa na siku zake. Aliwahi kuitoa safu ya pembeni kwenye tovuti ya shule moja ya nje ya mji, ambayo sitaitaja. Aliitoa vizuri kabisa, bila kuvunja kitu. Alichosahau ni kuiambia sehemu ya katikati kwamba jirani amehama. Kwa hiyo habari za shule zikabaki zimejibana upande mmoja, na upande wa pili ukawa uwanja mweupe mtupu. Mwalimu mkuu alikuja juu, akidai kwamba nusu ya tovuti yake imeibiwa. Anguzu alimtazama, akavaa miwani, akasema, "Mwalimu, hiyo nimeacha kwa ajili ya hewa." Mwalimu akakubali, na uwanja ule ukakaa hivyo muhula mzima. Basi, mkitoa safu, panueni na kilichobaki. Kipeni upana wote ulioachwa, na mfungue ukurasa kwenye simu ndogo mwone unavyokaa.

Sasa nifike kwenye kicheko changu.

Kwa miaka mingi nilitunza tovuti ya kamati moja ya Arua na Koboko. Walikuwamo Wakristo na Waislamu, wakulima na wenye maduka, pamoja na wafanyabiashara waliovuka kutoka Sudan Kusini. Kazi yao kubwa ilikuwa kuwaunganisha watu waliopotezana njiani walipokuwa wakikimbia vita. Watu wa makanisa na misikiti walikusanya matangazo huko vijijini na kwenye makazi ya wakimbizi, wakayaleta Arua, nami nikayaweka kwenye ukurasa mmoja uitwao Wanaotafutwa. Fulani anamtafuta fulani, piga namba hii. Ukurasa huo ndio uliokuwa na maana. Mengine yote kwenye tovuti ile yalikuwa hotuba.

Shughuli zetu mnazijua. Iwe harusi, iwe mazishi, iwe kufungua choo cha shule, lazima pawe na meza kuu, na kabla ya neno lolote kusemwa waheshimiwa watambulishwe mmoja mmoja. Ukimtaja wa nne kabla ya wa tatu umezua ugomvi ambao utahitaji mbuzi. Kamati yangu ilipopata tovuti, wajumbe waliitazama ile nafasi ya pembeni wakajua palepale ni nini. Ilikuwa meza kuu. Picha zao zikapangwa humo kuanzia juu kwenda chini, kila mmoja na suti au kanzu yake, jina lake, la baba yake na cheo chini ya picha, mwenyekiti akiwa juu kabisa, na zikawekwa kwenye kila ukurasa ili asiwepo mgeni atakayeingia bila kuwatambua.

Nilikuwa na kazi gani basi? Kupandisha na kushusha vichwa. Mjumbe mpya akiingia, vikao viwili vya kuamua akae chini ya nani. Mmoja alikataa picha niliyompiga akaleta ya studio, kubwa kama ya bango la uchaguzi, nikamwomba niipunguze. Akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha huku, "Wewe nataka kupunguza mimi?" Nikaiweka hivyohivyo. Wenzake walipoona ya kwake inang'aa, nao wakaleta za studio. Mwingine alifariki, na familia ikaomba picha isiguswe mpaka matanga yaishe. Matanga yaliisha, lakini hakuna aliyekuja kuniambia rasmi, na mimi nani nimwondoe marehemu mezani? Akabaki anatabasamu katikati ya walio hai.

Malalamiko yalianzia Koboko. Watu walisema ukurasa wa Wanaotafutwa haufunguki. Hapa Arua, kwenye kompyuta ya ofisi, ulifunguka kama mlango wa duka. Ningeweza kuwajibu kama mafundi wengi wanavyojibu, kwamba kwangu unafanya kazi. Nanyi msijibu hivyo kamwe, ni jibu la mtu asiyetaka kutoka nje. Nikapanda gari nikaenda.

Pale karibu na chumba cha kamati, kando ya barabara inayotoka mpakani, alikuwepo mama mmoja akiuza chai na mandazi. Anaitwa Kiden. Alikuwa amevuka kutoka Sudan Kusini miaka mingi nyuma, na kundi la watu wa kijiji chake, na katika kukimbia mtoto wake wa kiume alipotelea upande mwingine wa risasi. Tangu afike Koboko hakuwahi kulala nje ya mji ule. Nilipomuuliza kuhusu ukurasa alifuta mikono kwa kanga akatoa simu yake, yenye kioo kilichopasuka kona mbili.

"Mimi nafungua kila siku," akaniambia. "Nasalimia hawa wazee kwanza, moja-moja. Mpaka huyu wa mwisho kabisa. Halafu bando naisha."

"Unawasalimia?"

"Si lazima? Wewe naingia ofisi ya mutu kubwa, unapita yeye bila salamu?" Alinishangaa. "Mimi nasema, labda siku moja wazee watasema, sawa, huyu mama, ingia ndani."

Wanangu, hebu sikieni. Mama yule aliamini kwamba picha zile ndizo benchi la kusubiria. Tovuti yetu ilijengwa kizamani, kila kitu kikingoja kilichotangulia kishuke, na kwenye simu safu ya pembeni ilipanda juu ya habari, kwa hiyo zile picha za studio zilishuka kwanza, nzitonzito, moja baada ya nyingine, juu ya mtandao dhaifu. Zikimaliza kushuka bando limekwisha, au mtandao umekata katikati. Kiden aliwajua wajumbe wote kwa sura na kwa majina yao. Jina hata moja la mtu anayetafutwa hakuwahi kuliona.

Nikamwambia aniambie jina la mtoto, nikalitafute mimi kwenye kompyuta ya Arua. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Kwanza nilikuwa nasema. Mutu moja akakuja, nasema ameona yeye huko Yumbe, leta pesa ya gari. Ingine nasema ameona yeye huko Adjumani. Wote waongo. Sasa jina iko hapa," akagonga kifua chake. "Nitaangalia mwenyewe."

"Basi twende wote Arua, uangalie mwenyewe kwenye kompyuta kubwa."

"Mimi hapana toka hapa. Mtoto akivuka, barabara iko hii moja. Akikuta mimi sipo?"

Hata simu yangu isingemsaidia, maana mimi, mtunza tovuti wa kamati, nilikuwa natembea na simu ya tochi isiyofungua mtandao. Chekeni tu, nilicheka mwenyewe njiani, halafu nikaacha kucheka kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilizikasirikia zile suti.

Nikaomba kikao. Nikaeleza kwa adabu zote kwamba safu ya pembeni inawazuia watu kufika kwenye majina, na kwamba ningependa kuiondoa. Hakuna aliyepinga. Hilo mlijue, mkubwa wa kwetu hakupingi. Mmoja mmoja walisimama wakanishukuru kwa kuona mbali, wakasema safu ni kweli nzito na ipunguzwe, na kila mmoja akapendekeza, bila kumtaja mtu, kwamba tuanze na walio chini yake. Wa chini kabisa akapendekeza tuanze na marehemu. Mwenyekiti wetu, Hajji Khemis, mtoto wa sajini, mtu wa Koboko mwenye malori na mwenye ndevu zilizotunzwa kuliko malori, akafunga mjadala.

"Taipa, sikia," akasema. "Kuondoa mutu kwa kiti si adabu. Wewe ficha. Kuficha hakuna ubaya. Hata mimi nyumbani nikitaka kulala, najificha, lakini bado iko."

Wote wakapiga makofi. Ikaandikwa: safu ifichwe, isiondolewe.

Hapa ndipo pana somo ambalo yule kijana wa juzi alilipata bure, na mimi nililipata kwa nauli. Kuficha na kuondoa si kitu kimoja. Kuficha ni mstari mmoja tu. Unaiambia ile programu inayofungua kurasa kwamba safu hii usiionyeshe. Nayo inatii, haionyeshi. Lakini picha zilizomo bado zipo ndani ya ukurasa, na simu ya mtu inaendelea kuziteremsha zote, kwa bando lake, gizani, bila yeye kuziona. Macho yamepumzika, lakini mzigo ni uleule. Kama kilichomo ni saa au kalenda ndogo, ficheni, hakuna atakayedhurika. Kama kuna picha za studio, mmefanya kazi ya kutandika shuka juu ya gunia.

Niliwaambia hivyo kabla sijaficha. Wakasema nijaribu kwanza. Nikajaribu, kwenye kompyuta ya ofisi ukurasa ukawa safi, Hajji akafurahi, akasema sasa twende Koboko watu waone kamati inavyosikia vilio vyao. Alikodi gari na alivaa kanzu nyeupe.

Tulimkuta Kiden anamimina chai. Alipoinua macho akamwona Hajji, birika lilibaki hewani. Kisha akapiga goti, akamwamkia kwa jina lake lote, na jina la baba yake, na cheo chake katika kamati. Hajji alinenepa pale pale. Akauliza huyu mama amemjulia wapi.

"Mimi naamkia wewe kila siku, mzee," Kiden akasema. "Sasa umekwenda, mimi sioni wewe tena. Naona nyeupe tu. Lakini bando bado naisha. Mzee, nani nakula?"

Hajji akanigeukia. Yangu nilishayasema kikaoni. Nilimwomba tu afungue ukurasa yeye mwenyewe, kwa simu yake nzuri, kwa bando lake kubwa, hapohapo barabarani. Akafungua. Weupe. Tukangoja. Wateja wakamaliza chai wakaondoka. Akasogea kwenye kivuli cha duka, akasogea juani, akainua simu juu. Weupe. Kisha kwenye simu yake hiyohiyo nikafungua ukurasa wa zamani, kwa nakala niliyoiacha kwenye anwani nyingine, ili aone ni nini hasa kinachoshuka nyuma ya ule weupe. Kikaanza kutokea kitu, polepole, kutoka juu kwenda chini. Kofia. Kipaji cha uso. Nyusi. Macho mawili yenye heshima. Na mtandao ukakata.

Hajji Khemis alisimama kando ya barabara amejishika mkononi, nusu uso, bila ndevu.

"Huyu mama natafuta nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto wake. Jina hataki kusema."

"Na mimi nimefunika yeye."

"Labda. Hatujui kama yumo."

Mimi nilimzoea Hajji kwa majivuno yake, na nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Hakuitoa. Alitia simu mfukoni, akalipa chai ya watu wote waliokuwepo na wengine waliokuwa wakipita tu, akaingia garini. Tulipofika nje ya mji akasema, akiangalia dirishani, "Toa. Kutoa kabisa. Anza na mimi." Na baada ya kitambo, "Wale wengine nitaambia mimi mwenyewe. Wewe wataua."

Asubuhi iliyofuata nikaweka nakala kwanza, nikimsikia Anguzu nyuma ya kola yangu. Kisha nikaitoa safu kwenye ukurasa wa Wanaotafutwa, si kwa kuificha, bali kwa kuufanya ukurasa ule usiiite kabisa. Nikapanua sehemu ya katikati. Ile saa ya uongo, iliyokuwa chini ya picha, nikaitupa, na kalenda, na hali ya hewa ya ugenini. Ukurasa ulibaki maandishi matupu, mwepesi hadi nikauonea haya, kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni sebuleni. Wajumbe wengine niliwachapia ukurasa wa zamani kwa rangi, nikaufunika kwa plastiki ngumu, nikampelekea kila mmoja nyumbani. Fanyeni hivyo nanyi. Hamtaamini ni ugomvi kiasi gani unaoweza kumalizwa na plastiki ngumu. Mmoja alinipigia simu jioni akiniuliza mbona bado anajiona kwenye kompyuta yake. Nikamweleza kwamba kompyuta hukumbuka kurasa za zamani mpaka uiambie isahau. Akasema basi asiiambie. Nikamwacha, pale hazuii mtu.

Ukishaondoa kitu, nenda ukaone kwenye simu ya mtu anayekitumia. Nilirudi Koboko. Kiden alikuwa na wateja, akawaambia wajimiminie. Alifungua ukurasa mbele yangu, na majina yakaja yote kwa pamoja kabla hajamaliza kuvuta kiti. Alishtuka akaishika simu kwa mikono miwili. Akaanza kusoma kwa kidole, midomo ikitembea. Niligeuka upande, nikamwachia siri yake, lakini nilimsikia pumzi. Majina yalipangwa kwa herufi za jina la anayetafutwa. Alishuka mpaka herufi aliyoitaka. Akapita. Akarudi juu, akapita tena polepole zaidi. Halafu akaiweka simu mapajani.

"Hayuko," akasema.

Nilimshika bega. Nilijisikia vibaya, kwa sababu mtu akizuiwa mlangoni bado anaweza kuamini kwamba ndani kuna kitu. Sisi tulikuwa tumemfungulia chumba kitupu. Nikakaa naye. Aliichukua tena simu, nadhani kwa kukosa pa kuweka mikono, akawa anapandisha na kushusha majina ya watu wa wengine. Kidole kikasimama.

"Mama," akasema. "Hapa iko jina yangu."

Hakuwahi kufikiri kwamba aliyepotea ni yeye. Tangazo lilikuwa pale tangu mwaka wa kwanza wa ukurasa. Nililitaipu mimi mwenyewe, kati ya mengine mengi, na upande ule Kiden ni jina la wengi, watoto huitwa hivyo kwa zamu yao ya kuzaliwa. Lakini hapo chini palikuwa na kijiji chake, na jina la mume wake marehemu, na jina la kilima ambacho mtu wa mbali asingekijua. Anatafutwa na mwanawe Lado. Yuko Kuluba, kwa mkulima fulani, namba hii.

Kuluba ni hapo tu. Mboga za soko la Koboko zinatoka Kuluba.

Alipiga simu, akapokea mke wa mkulima, akasema ndiyo, Lado yuko, ameenda shambani, mpige baadaye. Kiden alikata simu. Akamwambia mwenye duka amwangalizie birika. Yule mama aliyekataa kutoka barabarani kwa gari la Arua alikuwa tayari juu ya bodaboda kabla mimi sijapata pa kushika. Njia nzima mimi ndiye niliyeongea, nikiogopa kwamba labda ni Lado mwingine, labda ni wale waongo tena, na nilikuwa nasali huku nikimlaani dereva kwa kila shimo.

Mke wa mkulima alitunyooshea kidole, huko, ng'ambo ya muhogo. Kiden alitangulia. Palikuwa na kijana mmoja analima peke yake, mrefu, mabega mapana, ndevu ndio kwanza zinaanza. Alipotuona alisimama akaegemea jembe.

"Habari, mwanangu," Kiden akamwambia, akimpita kwa macho, akiangalia nyuma yake kati ya miti ya muhogo. "Mimi natafuta Lado. Mtoto. Wanasema iko hapa."

Kijana alikuwa akimkazia macho usoni.

"Mtoto moja anaitwa Lado," Kiden akarudia, kwa upole, kama anayeongea na kiziwi.

"Mama. Ni mimi."

Akamtazama. Akatikisa kichwa. "Hapana. Lado ni mtoto."

"Mimi nakuja Koboko kila soko," kijana akasema. "Naleta mboga. Naangalia wamama wote."

Kiden naye, kila siku ya soko, alikuwa ameangalia watoto wote. Alirudi nyuma hatua moja. Niliona anaanza kuogopa, anaanza kutafuta kwa macho njia ya kurudi barabarani. Lado aliona pia. Akalaza jembe chini. Akapiga magoti yote mawili kwenye udongo uliolimwa, akainua uso, akakaa hivyo, mpaka uso wake ukawa pale ambapo mama yake alikuwa amezoea kuukuta. Kiden akainama, akamshika mashavu, akamtazama, na akamwona.